Anwani ya Mchapaji

Mchapaji alikuwa na meno mawili ya bandia, mbele kabisa, na ukimuuliza aliyapata wapi alijibu, "Zawadi ya mume." Alicheka peke yake.

Mume mwenyewe alikuwa mchomeleaji wa mageti, mtu wa kutoa ngumi kabla ya salamu. Alimvunja mbavu kwa sababu ya chai iliyopoa, kisha akamng'oa meno kwa kuuliza kosa lake. Siku mchapaji alipoona anakaribia kuzikwa, alipiga moyo konde, akatoroka na kompyuta yake ndogo, akapanga chumba mji mwingine. Hata ndugu zake aliwaficha anakoishi.

Huko aliishi kwa kuwachapia watu barua na matangazo. Akagundua kwamba kila mwenye saluni au cherehani siku hizi anataka jina lake kwenye mtandao, ila hajui akalisajili wapi. Akaona riziki imemjia mlangoni. Akatafuta fundi wa kujitegemea wa kumjengea tovuti ya kusajili majina hayo, akampata baba mmoja mrefu aliyeitwa Miwani, mpole, wa kutafuna karanga kutwa juu ya kibodi.

"Fundi, nataka kitu kimoja tu," alimwambia. "Mtu akisajili jina, asijulikane anakaa wapi. Wateja wangu wa kwanza ni wanawake waliokimbia vipigo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada. Hiyo ndogo."

Ndogo! Mafundi hawa wana kasumba yao: kazi ikiwa ya majaribio huacha kila kitu wazi, waone kama taarifa zinafika, halafu hufunga siku ya kukabidhi. Miwani akaacha wazi. Yeyote aliyeuliza jina fulani ni la nani alionyeshwa mwenyewe, simu yake, mtaa na nambari ya mlango. Hakusema, kwa kuwa hakuulizwa. Naye mchapaji, furaha ilimzidi, hakungoja kukabidhiwa. Alisajili jina la biashara yake, lililobeba jina lake mwenyewe, akawaita na wenzake watano.

"Sajilini, hapa ni salama," aliwaambia.

Na mchomeleaji hakuwa ameacha kulitafuta jina la mkewe mtandaoni.

Alikuja asubuhi moja, Miwani akiwa mezani chumbani kwa mchapaji. Mlango ulipigwa nondo, kitasa kikaruka mpaka uvunguni mwa kitanda.

"Ulidhani mimi mjinga?" alinguruma. "Nimeandika jina lako tu, nikapewa mpaka nambari ya mlango!"

Miwani, masikini, alisimama katikati yao akiwa amenyoosha mikono. Nondo ikaishukia mikono hiyo, mifupa ikalia. Akaanguka, nondo ikamfuata begani, ikamfuata mgongoni, damu ikatapakaa kwenye karanga zake. Kisha mchomeleaji akamshika mkewe nywele, akambamiza uso ukutani, akamkaba koo. Zamani mchapaji angeomba msamaha. Safari hii alipapasa mezani, mkono ukaikuta pasi, akaishusha kwenye sikio la mwanamume. Akapiga tena. Akampiga hata alipokwisha kulala sakafuni, na sioni wa kumlaumu.

"Amejuaje?" alimfokea Miwani huku akihema.

"Sikufunga, dada," Miwani alilia. "Nilikuwa nifunge siku ya kukabidhi."

"Na wenzangu?"

"Nao wako wazi, dada." Mchapaji akamburuta mpaka kwenye kompyuta. Mikono ya fundi ilining'inia, haifai hata kushika kijiko, basi yeye akawa anataja kwa mdomo na mchapaji anachapa, damu ya pua ikidondokea kibodi.

"Fungua hapo. Shuka chini. Sasa ficha zote."

Anwani zikatoweka. Mchapaji akachukua simu, akaanza kuwapigia.

"Toka hapo sasa hivi, usibebe kitu!"

Wanne walielewa, miguu niponye. Wa tano, mshonaji wa sare za shule, alipokea akicheka.

"Dada yangu! Hebu subiri, kuna mtu anagonga. Huyu atakuwa mteja wa mtandaoni, tovuti yako imeanza kuzaa matunda."

"Usifungue! Nasema usifungue!"

Simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Mchapaji alisikia komeo likivutwa.