Diploma Juu ya Ufa

Nianze na diploma, maana bila hiyo sina cha kusimulia. Ni diploma ya utawala wa umma, yenye muhuri mwekundu, na niliipata Ulaya kwa jasho langu. Hakuna serikali iliyonisomesha, wala mjomba mwenye cheo. Mchana nilisoma, jioni niliosha sufuria katika mkahawa. Wengi niliofika nao waliishia kwenye sufuria. Mimi nilimaliza. Nikirudia jambo hili mara kwa mara, ni kwa sababu ni kweli.

Niliporudi Bujumbura nilimkabidhi Mama diploma hiyo ikiwa kwenye fremu ya kioo. Alipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwa kitenge, akaiweka juu ya kabati mpaka itakapopatikana siku inayoistahili.

Mama alikulia mtaa wa Bwiza. Alijenga nyumba yake mtaa wa Mutakura kwa kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, upande wa mto mdogo ambao wakati huo ulikuwa mbali kiasi kwamba mgeni alihitaji kuuliza uko wapi. Kati ya nyumba na mto kulikuwa na migomba, kisha njia, kisha choo cha jirani. Kila msimu wa mvua ukingo ulimeguka. Ilianza migomba, ikafuata njia, halafu choo. Niliporudi, korongo lilikuwa limefika nyuma ya jiko, na sebuleni ufa ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha. Mkono wangu uliingia.

Nilikuwa nimeajiriwa na shirika dogo lenye ofisi mtaa wa Asiatique, juu ya duka la vyombo. Kazi yetu ilikuwa kuwakutanisha wananchi na wabunge. Utaratibu mpya ulikuwa umeanza: kabla ya bajeti kujadiliwa, tume ya Bunge ingetembelea mitaa, ingeingia majumbani, ingesikiliza, na kile ilichokiona kingeandikwa na kusomwa mbele ya wabunge wote. Wenzangu walitaka tuipeleke tume ukumbini, kwenye vipaza sauti. Mimi nilisema hapana, waende korongoni. Nilibishana wiki nzima na nikashinda. Wala sioni haya kusema kwamba bila mimi wabunge wale wasingekanyaga Mutakura mwaka ule. Nilitaka kitu kimoja: ukingo ule uingizwe kwenye bajeti, ujengwe ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa waya kabla nyumba ya Mama haijaenda na maji.

Nilikwenda kumwambia. Jirani yake, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa pale akichambua mchele.

“Badepite wanakuja kwangu?” Mama aliuliza.

“Kwako, Mama. Wataingia ndani.”

“Na we ndiye umewaleta?”

“Ni mimi.”

“Ee! Mutoto wangu amekuwa mutu.”

“Mama Diplome!” jirani akadakia. “Sasa hata mto utakuogopa. Utapita ukikusalimia.”

Tulicheka wote. Kisha nikamwambia Mama asiguse kitu, aache nyumba ilivyo, wauone ufa.

“Wataona,” alisema.

Asubuhi ya ziara nilifika pamoja na wageni, nikiwa nimevaa suti yangu ya siku ya kuhitimu. Tulipokata kona sikuutambua mtaa. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa. Uzio uliokuwa ukining'inia juu ya korongo ulikuwa umefunikwa kwa mikeka mipya kutoka mwanzo hadi mwisho. Viti vilipangwa vikiipa mgongo ile mikeka na kutazama barabara, upande wenye maua. Kila nyumba ilikuwa imetoa kitambaa chake kizuri cha meza. Walikuwa wamefanya kazi tangu juzi, wazee kwa vijana, kwa furaha kama watu wanaotarajia posa.

Na sebuleni kwa Mama, mahali ufa ulipokuwa mpana kuliko pote, ilitundikwa diploma yangu. Chini yake, hadi sakafuni, kilishuka kitenge cha manjano kilichonyooshwa vizuri kwa pasi.

Mwenyekiti wa tume alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alivaa miwani, akaisoma diploma yote, hata jina la idara.

“Hii ni ya nani?”

“Ya mutoto wangu,” Mama alisema. “Huyu hapa.”

“Hongera sana, Mama. Umezaa.”

Nilinyoosha mkono kuelekea fremu. Mama akanitazama. Jicho lile nilikuwa nimelisahau tangu nilipokuwa mdogo: ndilo alilonitupia wageni walipokuwa wanakula nami nikathubutu kuomba nyama. Mkono ukashuka wenyewe. Nikatumia mdomo.

“Mheshimiwa, ukuta huu una ufa mkubwa.”

“Ni kawaida tu,” Mama alisema akicheka. “Nyumba gani haina ufa? Kunyweni fanta, Mheshimiwa, mumetoka mbali.”

Kule nje, mkutano ulienda vivyo hivyo. Nilikuwa nimepita nyumba hadi nyumba kuwafundisha watu namna ya kumuuliza mbunge swali. Kila aliyepewa nafasi alisimama, akawashukuru wageni kwa safari yao, akawashukuru tena kwa kukubali kuketi, kisha akasema kuna tatizo kidogo la maji. Kidogo, mmoja baada ya mwingine. Kwetu ziara ya kwanza ni ya shukrani. Mgeni hubebeshwa shida yako siku utakapomfuata kwake, au akirudi. Nimezaliwa katika desturi hiyo, najua ilivyo tamu. Bajeti haiijui.

Magari yalipoondoka nikamuuliza Mama kwa nini.

“Ningewakalisha juu ya aibu? Watu wamevaa vizuri vile?”

“Walikuja kuiona hiyo aibu, Mama!”

“Apana. Mugeni hapelekwi chooni siku ya kwanza. Wakirudi tutawaambia yote.”

“Na wasiporudi?”

Alipangusa kioo cha fremu kwa ncha ya kitenge. “We umesoma. Uwaite tena.”

Ripoti ilisema kwamba wananchi wana shukrani, nyumba zimetunzwa, na kuna tatizo dogo la maji. Waliandika walichokiona na walichokisikia. Miaka yote nimetaka Bunge la namna hiyo, lisilotunga mambo ofisini. Nilikwenda kwa katibu wa tume. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, akaambatisha maelezo yangu kwenye faili. Lakini maeneo ya kujengwa katika bajeti ile yalikuwa yameshapitishwa. Aliniahidi kwamba tume itarudi kabla ya bajeti inayofuata, na nilipomtazama niliona anasema kweli.

Mvua haikusubiri. Ilinyesha mchana, Mama akiwa barazani kwa jirani, na ndiyo maana bado ninaye. Alisikia kitu kama lori linamwaga mawe. Alipotoka, jiko halikuwepo, na sebule ilikuwa imefunguka upande mmoja kama kabati lisilo na mlango. Kufikia jioni chumba chake nacho kilikuwa kimekwenda.

Nilimkuta ameketi njiani, miguu imejaa tope, jirani amemkumbatia. Mama hakusema habari za nyumba. Alinishika mkono wa shati.

“Diplome yako, mutoto wangu. Imeenda na maji. Nilikuwa nimekuwekea pazuri.”

Nilimwambia ni karatasi tu, chuo kitaniandikia nyingine. Sikuwahi kuiita karatasi kabla ya siku hiyo. Alilia zaidi.

Nilimchukua tukaishi Bwiza, katika nyumba yangu ya kupanga. Nina televisheni kubwa na godoro zuri. Nilimpa chumba chenye dirisha. Kila asubuhi alikunja shuka zake zote na kuziweka pembeni, kama mgeni anayeondoka leo.

Tume ilirudi Mutakura, kama katibu alivyosema. Mama alivaa vazi lake la sherehe, akakataa kushikwa mkono. Alisimama kwenye kipande cha saruji kilichobaki, jirani yake na watu wa mtaa wakiwa nyuma, na mwenyekiti yuleyule alipofika alimpokea kwa mikono miwili.

“Karibuni, Mheshimiwa. Munisamehe, sina pa kuwakalisha.”

Kisha akasema. Alianza na migomba, akaja kwenye njia, akaja kwenye choo, akataja kila kilichokwenda kwa mpangilio wake, hadi kitenge cha manjano na kilichokuwa nyuma yake. Neno “kidogo” hakulitumia hata mara moja. Hakuna aliyemkatiza. Mwenyekiti aliandika kwa mkono wake hadi mwisho. Ukuta utajengwa, nadhani. Utazilinda nyumba za wengine.

Wageni walipoagana nasi Mama aliniuliza, “Nimesema vizuri?”

“Vizuri sana, Mama.”

“Basi tuingie ndani, jua kali,” alisema, akageukia upande ulikokuwa mlango.