Gobore la Baba na Kuku Wangu

Mkwe wangu hapa ughaibuni, Temple Hills, anajijazia risasi mwenyewe huko bezimenti, chumba cha chini ya nyumba. Anapima baruti kwenye kimizani, mdomo kaubana kama anatia uzi sindanoni: "Mama, ikizidi punje mbili tu, risasi zinatawanyika." Harufu ya baruti ile, hasira zikanipanda upya.

Baba alikuwa na gobore. Baruti alimimina kwa kiganja, leo nyingi, kesho kidogo, na risasi zilikwenda zilikotaka. Akaningurumia kama beberu: "Wewe mtoto wa kike umeiruka bunduki, umeipofusha!" Nikachapwa, na wala sijairuka. Akaitwa mganga aitibu bunduki.

Wao wakiwa ndani wanakula, mimi nikapima baruti kwa kifuniko cha chupa, mafungu matatu sawasawa, nikayafunga kwa karatasi. Baba akadhani kayafunga mganga. Akapiga papai mara tatu, matundu yote matatu yakafunikwa na kiganja kimoja.

Mganga, mwongo yule, akasemea puani: "Miiizimu imekubaaali."

"Baba, nilipima mimi!"

"Nyamaza! Mkamatie mganga kuku wako."

Nikamkamata.