Birika Mbili za Dahabo

Wacha niwaambie habari za Mama Guleid, maana waliomjua wanazidi kuisha na mimi mwenyewe nimechoka. Jina lake Dahabo, Msomali wa Kaloleni hapa Voi, mjane mwenye hoteli ya chai. Mimi Ndunge nilikuwa nampikia chapati. Wateja wake walikuwa wafanyabiashara wa ng'ombe, Wasomali wa koo mbili. Ukoo mmoja ulimzaa, mwingine ulimwoa. Kwao mwanamke hubaki wa baba yake hata akiolewa, lakini watoto ni wa mumewe. Basi kaka yake, Elmi, alikuwa wa huku, na Guleid, mwanawe wa pekee, wa kule. Na huyo Elmi ndiye aliyemlea Guleid tangu babake alipofariki.

Kabla ya uchaguzi wa sitini na tatu, hadithi ilikuwa moja tu: majimbo. Aiya, tulichoka! Ukoo wa Guleid ulitaka kila jimbo lijitawale, lishike malisho na maji yake. Ukoo wa Elmi ulitaka serikali moja Nairobi.

"Majimbo yakija, tutaambiwa turudi kwetu," Elmi alisema. "Kwetu wapi? Mimi nimezaliwa hapa hapa Mraru!"

"Na serikali moja ikija, Mjomba," Guleid akamjibu, "nani atatusemea huko Nairobi? Si watu wenu?"

Hapo ndipo penyewe. Serikali ilikuwa kisingizio. Kila ukoo uliogopa kutawaliwa na ule mwingine, basi.

Dahabo hakushika upande. Kazi yake ilikuwa kumimina, na kumimina huko kulikuwa na adabu yake: leo aanze na ukoo wa mumewe, kesho aanze na ukoo wa baba yake, kwa zamu, miaka yote. Halafu siku moja, kwa uchovu, na joto la Voi mnalijua, akammiminia Elmi kwanza wakati zamu haikuwa yake. Haki ya Mungu, kikombe tu! Wale wengine wakainuka wote. "Umeshapiga kura," mmoja akamwambia. Guleid akatoka nao bila kumwangalia mamake.

Aliwaomba radhi mpaka nikaona aibu mimi. Walirudi kwa sharti: pazia katikati ya hoteli, na birika mbili. Nikamwambia, "Mama Guleid, wafukuze wote."

"Nikiwafukuza, mwanangu nitamwona wapi?" Alichotaka ni hicho tu, mwanawe na kaka yake wakae benchi moja tena. Pazia akalishona kwa mkono wake.

Uchaguzi ukapita. Baada ya muda majimbo yakafutwa huko Nairobi, watu wakasahau. Kaloleni pazia likabaki. Miaka nenda miaka rudi nilimwona akizunguka na birika zake, huku anacheka na kaka, kule anacheka na mwana, miguu imevimba. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwapikia chai.

Alipokufa, walifika mlangoni pamoja kuchukua maiti. Kumbe kila upande umechimba kaburi lake! Elmi anasema ni dada yetu, Guleid anasema ni mama yangu. Nikashindwa kunyamaza.

"Mkateni basi! Kichwa jimbo hili, miguu jimbo lile! Hamna haya?"

Elmi akashika jeneza mbele, Guleid nyuma, wakampeleka kwenye kaburi lililokuwa karibu. Sikuuliza la nani. Nililia, na nilifurahi pia, siwafichi. Nikaling'oa pazia, nikapika birika moja kubwa yenye iliki na tangawizi kama alivyopenda, nikaiweka mezani katikati pamoja na vikombe. Nilijua wakirudi watakaa pamoja, roho yake itulie. Nikaenda nyumbani kulala, sikuwa na nguvu tena.

Asubuhi nilipofungua, birika ilikuwa imejaa vilevile, chai baridi, utando juu. Vikombe vikavu. Jirani yetu Muhonja akaniambia walikaa hapo mpaka magharibi, hawa huku, wale kule, birika katikati. Hakuna aliyeigusa, maana hawakukubaliana nani amiminiwe kwanza.