Chuo Kikuu cha Shemeji

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, shemeji yangu huketi kwenye ukingo wa kitanda na kuusoma wasifu wake wa kikazi mtandaoni. Huusoma kwa sauti, na akifika penye neno "Elimu" hupunguza mwendo, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yake mwenyewe ili aone inavyopendeza kwa nje. Dada yangu, mkewe, humsubiri mlangoni na taulo.

Shemeji ni fundi mapazia. Hupima madirisha, hupanda ngazi, hufunga vyuma, na kazi hiyo anaiweza. Lakini wasifu wake haujawahi kuona dirisha. Semina ya nusu siku ya kutumia mtungi wa kuzimia moto, aliyoihudhuria kwa sababu ya soda za bure, imegeuka "Stashahada ya Usimamizi wa Majanga". Juu yake kipo chuo kikuu nilichosoma mimi, shahada ya uchumi, na picha ya shemeji amevaa joho. Joho lenyewe ni langu. Aliliomba siku ya mahafali yangu, "nipige moja tu, shem," likanirudia limelowa jasho. Chuoni, kusema haki, aliwahi kuingia: ndiye aliyefunga mapazia ya ukumbi.

Watu wasiomjua walimpongeza. Wanaomjua nao walimpongeza, na hao ndio walionichefua zaidi. Mjomba wetu, aliyemwona asubuhi ya mahafali juu ya ngazi ya ukumbini na misumari mdomoni, aliandika: "Hongera msomi wetu! Wala hatukushangaa."

Mwezi uliopita kampuni moja ya samani iliuona wasifu huo. Ilikuwa inafungua duka jipya na inatafuta meneja, ikamwita kwenye usaili kwa njia ya video. Dada, ambaye kila jioni humkanda mumewe magoti yaliyochoshwa na ngazi, alikosa usingizi kwa matumaini. Mimi nikaitwa kufundisha.

"Shem, nipe chuo kikuu," shemeji aliniambia, amejilaza kwenye kochi. "Jioni hii itatosha."

"Mwenzio kasoma miaka mitatu," dada akamkumbusha.

"Basi asinipe yote. Anipe ile inayoongeleka."

Nilianza na soko na bei. Akanikatiza. Alitaka kujua wahadhiri walitembeaje, wanafunzi walikaa wapi kula, na msomi akiwa hajui jibu huwa anashika kidevu au paji la uso. Nikamwambia kidevu. Hilo alilishika mara moja.

Siku ya usaili alivipanga vitabu vyangu nyuma yake, viwili vikiwa kichwa chini, akaiegemeza simu kwenye chupa ya maji. Mimi nilikaa sakafuni, pasipoonekana, daftari mkononi, tayari kumwandikia majibu.

"Mhadhara gani ulikuvutia zaidi chuoni?" aliuliza mama mmoja mwenye sauti ya upole.

Niliandika jibu kwa herufi kubwa, nikainua daftari. Shemeji hakulitazama. Alishika kidevu.

"Ule wa mahafali," akasema. "Mkuu wa chuo aliongea vizuri mno. Halafu mapazia yalifunguka bila kukwama, na kitambaa kizito kama kile si mchezo."

"Na mihadhara mingine?"

"Hiyo mingine sikuwepo, mama."

Yule mama alikohoa, akamshukuru, akakata. Ujumbe wa kumkataa ulifika kabla dada hajamaliza kumimina chai ya kusherehekea. Aliusoma, akairudisha ile chai kwenye chupa ya chai, kikombe kimoja kimoja, akaenda chumbani.

Shemeji alilegeza tai, akaufungua wasifu wake. Nilidhani ameona aibu, anafuta. Nikachungulia begani kwake. Chini ya "Elimu" alikuwa anaongeza: "Mafunzo ya Usaili wa Mameneja".

Mimi si mtu wa kuulizauliza. Nyumbani kwao huwa nasalimia, nakula, nasoma. Lakini siku hiyo nilishindwa.

"Shemeji, kwa nini usiandike tu kwamba wewe ni fundi mapazia?"

"Ndivyo nilivyoandika mwanzo," alisema bila kuinua macho. "Hakuna aliyenipigia."