Muuza Asali wa Baghdad na Fundi wa Jeppestown

Mimi si mtu wa kushtushwa. Nilitoka Bujumbura na shati moja, darasa la nne sikulimaliza, na kufikia 2017 hakuna mtaa wa matajiri Midrand, Afrika Kusini, usiokuwa na geti nililochomelea mimi. Kila aliyeniuliza nilimjibu: sikufundishwa na mtu.

Mwaka huo shehe wa zawiya yetu, pale tunapokusanyika kwa dhikri, mzee wa Kitanzania, aliugua figo akaamua kurudi kwao. Kabla ya kuondoka angetoa ijaza ya mwisho, idhini ya kuiendeleza njia yetu ya kisufi, na watakaoipata wangeandikwa chini ya jina lake kwenye silsila, mlolongo wa mashehe waliopokezana mkono kwa mkono tangu kwa mwanzilishi wa njia, bwana wetu wa Baghdad, miaka mia nane na zaidi. Marehemu baba alikuwemo. Nililitaka jina langu pale kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Ijumaa, baada ya dhikri, shehe akatusimulia. Bwana wa Baghdad alikuwa mwanachuoni, lakini alipoitaka njia alikwenda kukaa miguuni pa muuza asali ya tende asiyejua kusoma. Yule mtu akimtukana mbele za watu, akimfukuza, yeye akirudi. Hata mji mzima ulipokuja kumsikiliza, hakuacha kumtaja muuza asali kuwa ndiye mwalimu wake.

Kisha shehe akanishika mkono. "Na wewe, bwana mkubwa, kuchomelea vyuma nani alikufundisha?"

"Juhudi zangu tu, shehe."

Akauachia. "Basi nikuandike wapi? Humu kila mtu ana wa kumtaja."

Wenzangu wakainamisha macho. Nilitoka nikasahau viatu mlangoni. Mimi!

Jumatatu nikaenda Jeppestown. Pale kuna Mkongomani, Mkristo, aliyenilaza karakanani mwake miaka mitatu akinifundisha kazi, nami nikaondoka na wateja wake. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Sauti yangu aliijua.

"Eh, patron, bosi yangu! Umekuya kubeba na hii ndoo?"

"Nimekuja kukuomba msamaha, Papa."

Aliugeuza uso upande wa sauti yangu. "Sawa. Lakini ukiniomba, nataka nione uso wako."

Ijumaa nilimwongoza hadi zawiyani nikasema mbele ya wote: huyu ndiye mwalimu wangu, na nilimwibia. Shehe akanipa mkono, na jina langu likaandikwa chini ya lake. Wiki iliyofuata nikampeleka Papa hospitali. Macho mawili, pamoja na miwani: randi elfu arobaini na sita, mia tatu na themanini.