Fungu la Shija

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza mniamkie. Haya, marahaba. Sasa kaeni vizuri, maana habari hii imenijaa kifuani tangu juzi na nisipoitoa nitaugua.

Mimi ni Doto. Pacha wangu ni Kulwa. Alinitangulia kuzaliwa kwa muda wa kuchemsha chai tu, na kwa ukubwa huo ameniamrisha miaka sabini. Wanyamwezi wenzangu wanajua, ninyi wengine nawaambia: mtoto anayefuata baada ya mapacha huitwa Shija. Sisi Shija wetu alichukuliwa na Wazungu, akapelekwa Uholanzi angali ananyonya kidole. Juzi amerudi. Nasema amerudi! Lakini subirini, nianze na enzi zetu.

Tulikaa Mtendeni, hapa Tabora. Baba alikuwa fundi cherehani, kibarazani kwenye duka la Mwarabu mmoja. Nguo zetu alizishona kwa vipande vilivyobaki, kwa hiyo mimi na Kulwa tulivaa maua mbele na mistari nyuma, na tukatembea kama mabibi harusi. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara mpaka vumbi likatufanya weupe. Mfukoni tulikuwa na matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa juani, unatafuna kipande kimoja tangu nyumbani hadi shuleni na taya linauma. Wajukuu zangu ukiwapa leo wanauliza sosi iko wapi. Meno wanayo, kazi ya kuyafanyisha ndiyo hawaitaki.

Shule niliishia darasa la kwanza, kwa sababu Mama alifariki siku ya tatu baada ya kumzaa Shija. Hilo sitalipamba. Baba alibaki na mabinti wawili wa miaka saba, mama yake asiyeona, na kitoto kinacholia usiku na mchana.

Hospitalini alikuwapo nesi mmoja wa Kizungu, mumewe alikuwa mchimba visima. Yule mama akamchukua Shija nyumbani kwake akamlea kwa maziwa ya kopo. Kila jioni tulikwenda kumwona. Alinukia sabuni! Tulimnusa kichwani kwa zamu mpaka tukafukuzwa. Mwaka ukapita na miezi kadhaa, kazi ya mumewe ikaisha, wakamwomba Baba awape mtoto awe wao.

Baba alikubali, lakini alikubali kwa akili ya kwetu. Kwetu mtoto aliyefiwa na mama anapelekwa kwa shangazi Sikonge au Urambo, analelewa, anakua, halafu anarudi akijua kwao ni wapi. Kwa Baba, Uholanzi ilikuwa Sikonge ya mbali kidogo. Mahakamani hakimu alimweleza waziwazi: ukitia sahihi hapa, mtoto huyu ni wa hawa, jina lao na urithi wao. Baba akajibu, "Sawa mheshimiwa. Sasa akimaliza shule watamleta kwa treni au namna gani?" Watu wakacheka. Hakimu akarudia kumweleza. Baba akasema ameelewa. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa.

Siku ya kuondoka tulikwenda stesheni. Mungu anisamehe, nilifurahi. Sikuwa nimewahi kuisogelea treni namna ile, na yule nesi alitupa biskuti. Mumewe akatupiga picha, mimi na Kulwa na Shija katikati, tumevaa maua mbele na mistari nyuma. Treni ilipoondoka ndipo nikaona Baba amesimama palepale, hapungi mkono, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Majirani wakaanza. "Fundi kauza mtoto." Binti mmoja alinitamkia hivyo bombani, nikamng'ata bega. Nilichapwa, na sijutii mpaka leo.

Sasa sikilizeni jambo la Baba. Babu yetu alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo kichwani kutoka hapa hadi Bagamoyo na kurudi, miezi na miezi njiani. Nyumbani kwake aliyekuwa safarini aliwekewa fungu la chakula, kwa sababu hakuna aliyejua atatokea saa ngapi, na mtu atoke Bagamoyo aje akute sufuria tupu? Basi Baba naye kila Ijumaa, chakula kikipakuliwa, aliweka fungu la Shija pembeni ya sinia. Nyama kama ipo, na kama hakuna, nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga. Tukila tukimaliza tunakaa tunalitazama. Baba anatazama mlangoni. Halafu anasema, "Haya, leo hajafika. Kuleni." Hapo ndipo vita vinaanza, maana Kulwa ana mikono mirefu.

Barua zilikuja miaka michache, na picha za Shija amevaa koti zito kama mbunge. Zilipitia sanduku la posta la yule mwenye duka. Duka likafungwa, barua zikakoma, nasi tukahamia Ipuli. Fungu halikukoma. Ijumaa ya mwisho ya uhai wake Baba alilipakua mwenyewe, mchuzi unamwagikia kwenye mkeka.

Miaka mingi imepita. Miezi mitatu nyuma mjukuu wangu Rehema, ambaye simu hiyo analala nayo, akaja mbio jikoni. "Bibi, hawa si ninyi?" Mtu ameweka picha kwenye kundi la watu wa Tabora, anauliza nani anawajua watoto hawa. Nikaona maua, nikaona kitoto katikati. Aliyeiweka ni Shija mwenyewe; mwiko ulinidondoka kwenye ugali. Siku ile nilikiri simu ina kazi ya maana, na kesho yake nikarudi kuigombeza.

Juzi tukaenda uwanja wa ndege. Kulwa aliamua tuvae kitenge kimoja, mshono mmoja, vikongwe wa miaka sabini, ili atujue. Akashuka mwanamke wa mvi, mnene kiasi, anatanguliza mguu wa kulia kama Baba anayetafuta pedali ya cherehani. Moyo wangu ulikwenda mbio kuliko miguu. Akaja moja kwa moja kwa Kulwa.

"Shikamoo, dada Doto."

"Umeanza na makosa," Kulwa akasema. "Mimi ndiye mkubwa." Halafu akamkumbatia mpaka mkoba ukaanguka.

Nyumbani, kabla hata hajamaliza maji ya kunywa, Shija akaweka glasi chini. Kiswahili amejifunza ukubwani, anakipanga neno kwa neno.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Baba alinitoa kwa sababu mimi nilimuua Mama? Hamkunitaka?"

Rehema akainamisha uso. Mimi sijui kubembeleza, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi: mahakama, stesheni, kila Ijumaa, fungu, mlango.

"Mpaka lini?"

"Mpaka alipokufa. Na sisi tulikuwa tunaomba usifike, ili tule."

Akaitazama glasi. Nikadhani nimeharibu. Halafu akauliza polepole, "Na nani alikula?"

Kulwa akajipiga nyonga kwa viganja vyote viwili. "Unaniona nilivyo, halafu unauliza!"

Shija alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka tena, nasi pamoja naye, tumeshikana kama watoto wa rede.

Enzi zile sinia lilikuwa moja na tulimngoja mtu mmoja. Leo kila mtu ana sahani yake, anakula amekiinamia kioo cha simu, na akikosekana mmoja tunajua kesho kutwa. Silaumu, naeleza tu.

Chakula kikawa tayari. Wajukuu wakamwekea Shija kiti chenye mto, soda na uma, sisi tukabaki mkekani. Rehema akapiga magoti mbele yake na beseni na jagi, amnawishe kwanza, kama anavyonawishwa mgeni. Shija akanyoosha mikono, mpole, amekaa kule juu peke yake. Nyumbani kwetu, tangu nijue kula, wakubwa wananawishwa na mdogo wao.

Nikasema, "Rehema, ondoa hicho kiti. Na jagi mpe Shija, atunawishe."