Mtu wa Chini ya Mnara

Usiku ule tulilala kando ya lori, uwanja wa mpira wa Kahama. Kesho yake tulikuwa na onyesho la sarakasi, na mnara wetu wa watu haukuwa na mtu wa chini. Kaka Mbwana, aliyekuwa akitubeba sote mabegani, tulikuwa tumemzika mwezi uliopita. Wanaume wote waliikwepa nafasi yake, eti ina mkosi. Kiongozi wetu, Mjomba Salehe, alishasema: bila mnara, kila mtu ashike njia arudi kwao. Mimi nina kwetu gani? Kwetu ni hilo lori.

Nikasinzia. Mara ni mchana, watu wamejaa uwanja mzima, na Kaka Mbwana amekaa juu ya ngoma anatafuna karanga. Sikuogopa hata kidogo. Mimi nilivyo mdadisi, nilichotaka kujua ni karanga kazitoa wapi.

"Shikamoo, kaka. Huko nako mnalima?"

Akacheka. Akajifuta mikono kwenye suruali yake ya kung'aa.

"Mwanaidi, mdogo wangu, miaka yote hiyo nimeona vumbi tu. Hivi kule juu mnaona nini?"

Loo! Sikuwahi kuliwaza hilo. Sisi tunapigiwa makofi, yeye macho yako ardhini. Nilimwonea huruma sana. Nikachuchumaa.

"Panda ujionee mwenyewe."

Anapanda. Jitu zima lile linasimama mabegani mwangu, na uzito nausikia hasa. Uwanja unakuwa ua wa nyumba ya marehemu mama, kisha unakuwa uwanja tena. Jasho linaniingia machoni.

"Unaona nini, kaka? Sema basi!"

Kisha sauti yake ikashuka taratibu.

"Hawanitazami mimi. Wote wanakutazama wewe, kama utaweza." Akavuta pumzi. "Kumbe siku zote nilipokuwa chini walikuwa wananitazama mimi! Waambie wenzako, hapo chini hapana mkosi."

Nikazinduka nalia, na furaha imenijaa. Kumekucha. Mjomba Salehe anakunywa chai kwenye ngazi ya lori.

"Mjomba, leo chini nakaa mimi. Kaka Mbwana kaniambia hapana mkosi."

Akanipima kwa macho. "Wewe, mwanamke?"

"Nipande mabegani kwanza, halafu uniulize tena."

Akaweka kikombe chini, akaanza kuvua viatu.